Ufuko na Mgeni

Ufuko ni kizingiti cha nchi. Mwenyeji husimama hapo akatazama jua linakotua, na mgeni hutua hapo kwanza, miguu yake ikiwa mibichi bado, kabla hajalijua jina la mji. Hapo mtu hukumbuka kuwa dunia ni kubwa kuliko shamba lake. Yamkini ndiyo sababu watu wa dini nyingi wamependa kujenga mahali pa ibada karibu na maji.

Katika pwani ya Gujarat, Bara Hindi, liko hekalu la Somnath, maana yake Bwana wa Mwezi. Tangu kale Wahindu huenda kuhiji huko, na wakiisha kusali hutazama mawimbi yakivunjika chini ya ukuta. Al-Biruni, mwanachuoni aliyeandika karibu na mwaka 1030, alisimulia kuwa mwezi ulipochomoza na ulipotua, maji yalijaa yakaliosha jiwe takatifu la mahali pale. Watu wakasema mwezi unamtumikia bwana wake. Lakini alipoeleza sababu ya sifa ya Somnath alitaja jambo jingine. Ilikuwa bandari ya mabaharia, kituo cha watu waliosafiri baina ya Sofala, katika nchi ya Zanj, na China. Basi tanga la Afrika Mashariki lilijulikana pale zamani sana.

Ufuko huo uliona vita pia. Mwaka 1026 jeshi la Mahmud wa Ghazni lilibomoa hekalu. Likajengwa tena na kubomolewa tena, na lililopo sasa liliwekwa wakfu mwaka 1951. Hata hivyo, mwaka 1264 nahodha mmoja Mwislamu wa Hormuz, Nuruddin Firuz, alipata kiwanja mahali hapo akajenga msikiti, kwa ridhaa ya wakuu wa Kihindu. Habari hiyo ilichongwa katika jiwe kwa Kisanskriti na kwa Kiarabu. Jiwe hilo ni shahidi kwamba mahali patakatifu pakubwa hapapungui utukufu kwa kumpa mgeni nafasi.

Mtu wa Katumba, karibu na Mpanda, yu mbali na bahari hiyo. Ufuko wake ni ule wa Ziwa Tanganyika, huko Karema, penye misheni ya kale. Mzee mmoja wa Katumba alikwenda huko siku ya kiangazi pamoja na mjukuu wake. Yeye hakuliona ziwa tangu mwaka 1972, alipokuwa mtoto wa miaka saba, akavushwa usiku katika mtumbwi kutoka Burundi. Mwaka 1973 makazi ya Katumba yalifunguliwa katika msitu wa miombo. Wazazi wake walifyeka, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, wakazikwa huko. Miaka arobaini na zaidi ikapita kabla yeye, pamoja na maelfu wengine, hajapewa hati ya uraia wa Tanzania.

Mchanga wa Karema ulikuwa mweupe kwa jua. Wanawake walianika dagaa, na ng'ambo milima ya Kongo ilionekana kama moshi. Mtoto alikimbilia maji. Mzee alisimama mbali, viatu vyake miguuni.

Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona wavu alimwamkia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Karibuni. Mwatoka wapi?"

"Twatoka Katumba."

"Na asili yenu?"

Mzee alinyamaza. Swali hilo ameulizwa maisha yake yote, mara nyingine kwa wema, mara nyingine kwa ubaya. Badala ya kujibu aliuliza habari za majengo ya misheni kule juu.

Mvuvi akaeleza kuwa mwaka 1879 Wabelgiji walijenga ngome karibu na maji. Baadaye ziwa lilirudi nyuma, kwa kuwa Mto Lukuga ulikuwa umezibuka upande wa Kongo, na ngome ikaachwa nchi kavu. Mwaka 1885 Mapadri Weupe waliipokea.

"Na hapo ndipo alipoishi daktari wetu, Adrien Atiman," akasema. "Bibi yangu alitibiwa naye."

"Alikuwa mtu wa wapi?"

"Wa hapa," akajibu mvuvi upesi. Kisha akacheka kidogo. "Kuzaliwa, alizaliwa mbali, Mali. Alitekwa utotoni akauzwa mtumwa. Mapadri wakamkomboa, akasomeshwa uganga huko Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akatibu watu mpaka alipokufa mwaka 1956. Miaka sitini na saba, babu! Sasa nani atasema si wa hapa?"

Mzee alitazama maji kitambo. Yalikuwa maji yale yale yaliyomvusha, na upande wa kaskazini, mbali na upeo wa macho, yaligusa nchi aliyozaliwa.

"Mimi nilizaliwa Burundi," akasema. "Kwetu ni Katumba."

"Karibu tena Karema," akajibu mvuvi, akaendelea na wavu wake.

Mzee akavua viatu, akashuka majini alikokuwa mjukuu wake.