Saa 5 Usiku

Duka letu la Kariakoo hufungwa saa 12 jioni. Hapo ndipo mdogo wangu alipokuwa akihesabu mauzo na kunipigia: dada, yale mashuka yamekwisha, viatu vya watoto vinaulizwa sana. Kwake jua linazama. Huku Guangzhou, China, ninakonunua bidhaa, ni saa 5 usiku. Nikishaongea naye, wateja nao wanaingia WeChat, na kunakucha. Miaka mitatu nilidhani huo ndio uchapakazi.

Oktoba 2018, msimu wa Maonesho ya Canton, maonesho ya biashara ya hapa Guangzhou, nilimaliza siku nne karibu bila usingizi na sikuchoka. Mwenye ndugu kama mimi naomba alishike hilo: sikuchoka. Nilijiona nimefunuliwa siri ya biashara. Niliongea mpaka sauti ikakauka, nikaagiza taa za bustani 6,000 ambazo hakuna aliyeniomba, na advansi nikailipa kwa pesa za watu. Wenzangu wa mtaa wa Xiaobei walisema nyota yangu imewaka. Desemba nilikuwa chumbani, pazia limefungwa, kuoga kumenishinda, nikitamani nisiamke.

Dada mmoja wa Mombasa, anayewapikia wafanyabiashara wali na maharage, ndiye aliyenitoa. Alinivalisha viatu kwa mikono yake, akanipeleka hospitali. Baipola, daktari alisema: ugonjwa wa akili unaokupandisha kupita kiasi, kisha ukakuangusha. Baadaye nilijua kwamba hospitali ya kwanza ya China ya wagonjwa wa akili ilifunguliwa mjini humu humu, mwaka 1898, na daktari mmisionari wa Kimarekani, John Kerr. Mimi niliyekulia mtaa ambao jirani yetu mgonjwa wa akili alifungwa kamba mguuni, nililia.

Nilipewa lithiamu. Shangazi akapiga kutoka Tanga: mwanangu, achana na vidonge, rudi kwenye vya asili. Nikamtii. Nikaacha vidonge siku moja, nikanunua mizizi ya jinsengi, nikawa nachemsha asubuhi na jioni. Wiki ya tatu nilikuwa nimepanda tena, usiku wa manane naandika oda. Daktari alinieleza kwamba kukatisha lithiamu ghafla huweza kurudisha ugonjwa, na kwamba jinsengi huchangamsha mwili. Wapo wagonjwa walioripotiwa kupanda baada ya kuitumia. Tena lithiamu yenyewe ni chumvi itokayo ardhini. Aliyeonyesha kwamba inatuliza wazimu wa kupanda, mwaka 1949, ni daktari wa Australia, John Cade. Shangazi alinitakia heri, na nampenda, lakini ushauri ule ulikaribia kuniua.

Cha asili kilichonifaa, pamoja na vidonge, ni usingizi. Saa 4 usiku simu inazimwa na taa inazimwa. Mdogo wangu anapiga akifungua duka, saa 2 asubuhi yake, ambayo kwangu ni saa 7 mchana. Wateja wawili walinihama. Kukishakucha niko bustani ya Yuexiu, kwenye mwanga, nyuma ya wazee wanaofanya mazoezi ya tai chi. Bibi mmoja hunivuta mkono nikikosea hatua, na hatuna lugha moja. Nakula kwa saa zile zile. Julai, joto la hapa linapokutoa jasho hata umekaa, nakunywa maji ya kutosha na chumvi siipunguzi kwa akili yangu, maana mwili ukikauka lithiamu hupanda kwenye damu ikawa sumu. Ndiyo maana napimwa damu.

Nikilala kwa muda usiofika saa tano, siku mbili mfululizo, nampigia daktari, kisha dada wa Mombasa, na kadi ya benki namkabidhi yeye. Mara ya kwanza kuitoa kadi ile niliona aibu mpaka mikono ikatetemeka. Aliipokea, akaiweka chini ya kopo la unga, akanipakulia chakula.

Mdogo wangu siku hizi haanzi na mauzo. Ananiuliza nimelala kwa saa ngapi, nami namtajia idadi yenyewe, hata ikiwa mbaya.