Kutoka Nansio hadi Bugando

Ukerewe nilikuwa nimeingia kwa njia ya Bunda na kivuko cha Kisorya, mtu wa Dodoma niliyepangiwa zahanati ya kisiwani. Mwanza sikuijua. Nilipoitwa semina ya kifua kikuu Bugando, ndipo nilipopanda meli ya Nansio kwa mara ya kwanza, nikabanwa kati ya matenga ya machungwa na magunia ya dagaa.

Mratibu wetu alinipa karatasi za kusoma njiani: utafiti uliofanyika Mwanza na kuchapishwa mwaka 2011 katika jarida la PLoS ONE, linalosomwa bure mtandaoni. Miongoni mwa waandishi wamo Watanzania Nyagosya Range na George PrayGod.

Mzee aliyekaa pembeni yangu alizitupia macho.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Una mtihani?"

"Hapana, babu. Hapa wanasema kisukari hukifungulia mlango kifua kikuu."

"Sukari na mapafu vimekutania wapi?"

Nikamwonyesha jedwali. Wagonjwa 803 wa TB walilinganishwa na watu 350 wasio nayo. Kwa wagonjwa, wenye kisukari walikuwa asilimia 16.7, kwa wale wengine, 9.4. Uhusiano huo ulijitokeza kwa wasio na VVU. Sukari ikikaa juu muda mrefu, kinga ya mwili hulegea, na vijidudu vilivyojificha mapafuni hupata nafasi.

Babu akanyamaza kidogo. "Jirani yangu alimeza dawa za kifua miezi yote. Mbona sikusikia katobolewa kidole?"

Habari za jirani yake sikuzijua. Za zahanati yetu nilizijua: makohozi tulichukua, VVU tulipima, sukari tulipima siku vipimo vikiwepo.

Mawe ya Mwanza yakaanza kujitokeza, nyumba zimepandana vilimani katikati yake, na Jiwe la Bismarck limesimama majini. Bodaboda ikanipandisha hadi Bugando, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 na ambayo leo hupokea rufaa za Kanda ya Ziwa. Toka juu kule, ziwa lote liko chini yako.

Mwezeshaji alianzia mbali. Zamani mgonjwa wa TB alitibiwa hata mwaka na nusu. Majaribio yaliyoanza mwaka 1970 katika hospitali za Afrika Mashariki, kwa ushirikiano na Waingereza, yakachapishwa katika The Lancet mwaka 1972, ndiyo yaliyoonyesha kuwa miezi sita yaweza kutosha. Nikaona kumbe wagonjwa wa huku wameufundisha ulimwengu tangu zamani. Somo lao hukawia kurudi kwenye zahanati zao.

Nikalitoa swali la babu. Mwezeshaji akauliza nani ana mashine ya sukari na vijiti vyake. Ikanyooka mikono michache. Tulipoandika mapendekezo, la kwanza likawa hilo: anayetoa makohozi apimwe na sukari, meza ile ile, siku ile ile.