Kutoka Amu Hadi Mombasa kwa Kipimo cha Kamera

Sifa njema zote ni za Allah, aliyeujaalia ugonjwa kuwa mtihani na tiba kuwa rehema, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baada ya hayo, wasomaji wetu, na hasa akina mama mnaowauguza wazee majumbani, juma hili tunawasimulia safari ya kumsindikiza shangazi yetu kutoka Amu hadi Mombasa, kwenda kupimwa utumbo mpana kwa kamera, kipimo kiitwacho kolonoskopi. Njia yenyewe si ngeni kwa watu wa pwani. Kilichoifanya nzito ni moyo wake.

Shangazi ana umri wa miaka 72, na moyo wake huenda mrama: hupiga mbio, hupoa, huruka, bila mpangilio. Madaktari huuita ugonjwa huu fibrilesheni ya atiria. Vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kusukuma, na damu hutuama humo kama maji ya kidimbwi kilichoachwa na bamvua. Damu iliyotuama huweza kuganda, na bonge likichomoka likafika ubongoni huwa kiharusi. Kwa hiyo kila usiku yeye humeza wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Miezi ya karibuni akaanza kuona damu chooni na kuishiwa nguvu, na daktari akataka utumbo uangaliwe.

Hapo ndipo penye utata. Dawa inayoukinga ubongo ndiyo hiyo hiyo inayoweza kumfanya avuje damu iwapo kinyama kitakatwa ndani ya utumbo. Katika zahanati moja aliambiwa aache dawa zote kwa wiki mbili. Jirani naye akamwambia asiende kabisa, maana atavuja hadi afe. Shangazi akatuambia, "Mwanangu, nimekuwa kama chombo baina ya miamba miwili."

Tulimpigia simu daktari wake wa moyo, naye akatuandikia maagizo. Wafarini iachwe siku tano tu kabla ya kipimo. Dawa ya kutuliza mapigo isiachwe hata siku moja. Asubuhi ya kipimo imezwe kwa funda la maji. Tukamuuliza kama atahitaji sindano za hepari za kuziba pengo la siku hizo. Akatueleza kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2015, wa wagonjwa 1,884 wenye maradhi haya, ulionyesha kuwa kuziacha sindano hizo hakukuongeza mabonge ya damu, bali kulipunguza kuvuja. Ila mwenye valvu ya bandia moyoni au aliyepata kiharusi karibuni ana hesabu yake mbali.

Tangu hapo safari ikahesabiwa kwa vidonge. Kipimo kilikuwa Jumanne. Kidonge cha mwisho kilimezwa Amu usiku wa Jumatano iliyotangulia. Jumamosi alfajiri tulivuka kwa mashua hadi Mokowe, mama wa watoto wetu akimshika shangazi mkono gatini, kisha tukapanda basi. Tulipita Hindi na Witu, tukauvuka Mto Tana karibu na Garsen. Kwenye vizuizi vya polisi abiria hushuka wakaonyesha vitambulisho, naye alishuka na kupanda taratibu, akipumzika kila hatua chache. Atokaye mbali na afike mjini kwanza ndipo aanze dawa ya kusafisha tumbo. Barabara ile si mahali pa kuhara.

Malindi tulisali Adhuhuri na Alasiri pamoja, rakaa mbili mbili, kwa ruhusa ya msafiri. Tulipofika Mombasa tulisali kamili, kwa kuwa tulinuia kukaa zaidi ya siku nne.

Tulifikia kwa jamaa, Mji wa Kale. Jumapili alikula wali mweupe na samaki, bila mboga za majani wala mbegu. Jumatatu alipimwa damu: kipimo cha INR, ambacho kwa desturi yake huwa baina ya 2 na 3, kilikuwa kimeshuka hadi 1.3. Jioni akaanza kunywa dawa ya kusafisha tumbo, lita kwa lita. Kuhara kwingi hupoteza maji na chumvi za mwili, hasa potasiamu, na upungufu huo huuchokoza moyo kama wake. Alikunywa supu iliyochujwa, chai kavu na madafu, kama alivyoruhusiwa. Hatukumwacha peke yake usiku ule, kwani mzee mwenye kizunguzungu huanguka njiani kwenda msalani.

Jambo lililomsumbua zaidi lilikuwa sitara. Tuliomba mapema wauguzi wanawake, na tukapata. Daktari alikuwa mwanamume, na haja ya tiba huruhusu hilo pasipopatikana mwanamke, kwa kiasi cha haja tu. Alivishwa vazi la kumfunika, na mama wa watoto wetu akakaa naye hadi alipodungwa sindano ya usingizi. Waya za kufuatilia moyo ziliwekwa kifuani na hewa ya oksijeni puani. Baada ya kama nusu saa tuliitwa: kinyama kimoja kimeonekana, kimekatwa, kimepelekwa maabara.

Usiku ule ule aliruhusiwa kurudia wafarini kwa kiwango chake cha kawaida. Dawa hiyo huchukua siku kadhaa kufanya kazi, na haifai kuongeza vidonge ili kuiharakisha. Jeraha nalo huweza kuvuja hata wiki mbili baadaye, kwa hiyo tulibaki karibu na hospitali hadi Jumatano ya juma la pili. Jibu la maabara lilikuwa si saratani, alhamdulillah, bali ni kinyama cha aina ambayo ikiachwa miaka huweza kugeuka.

Enyi mnaouguza, kabla ya kipimo kama hiki ulizeni: ni dawa ipi inaachwa, siku gani, na inarudishwa lini? Majibu yaandikwe, na daktari wa moyo na daktari wa kamera wayajue yote mawili. Dawa mpya za kuzuia kuganda huachwa kwa muda mfupi zaidi, mara nyingi siku mbili, kwa kutazama hali ya figo; na kamera ya kutazama tumbo tu aghalabu haihitaji kuacha wafarini. Kama kipimo chaweza kungoja, kisiwekwe Ramadhani, kwani katika madhehebu yetu ya Kishafi kinachoingizwa ndani kwa njia hiyo hubatilisha saumu. Kisipoweza kungoja, mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa.

Twamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu na awalipe kheri wanaowahudumia. Amin. Wabillahi tawfiq.