Namba Nyekundu

Juzi kijana mmoja wa ofisini kwetu, mchapakazi kwelikweli, alikutana na folda ya Redux, laibrari ya kusimamia data ya ukurasa, ndani ya mfumo wa zamani akaniuliza, "Kaka, haya mafaili yote ya nini? Nifute?" Swali halikuniudhi. Kilichoniudhi ni kwamba miaka yote ya masomo yake hakuna aliyemweleza ugonjwa ambao dawa hiyo ilikuja kuutibu.

Sisi tulianza na laibrari ya jQuery. Ilitoka 2006, na wengi wetu Dar es Salaam tuliipokea kwa mikono miwili kwa sababu ilituondolea ugomvi wa vivinjari. Lakini data ilikaa wapi? Ilikaa kwenye ukurasa wenyewe. Ukitaka kujua mteja ana bidhaa ngapi, unasoma namba iliyoandikwa juu ya kikapu, unaongeza moja, unairudisha. Nakumbuka duka moja la mtandaoni tulilolihudumia: juu kwenye menyu namba inasema 3, ndani ya kikapu vitu ni 2, na mteja yuko kwenye simu anauliza atalipia vipi. Unarekebisha leo, wiki ijayo namba imeanza tena.

Mwaka 2010 zikaja laibrari za Backbone na AngularJS, data ikatengwa na ukurasa. Nafuu ilikuwepo, ila badiliko moja liliamsha jingine, nalo likaamsha la tatu, na ukitafuta chanzo unazunguka usiku kucha.

Hata wakubwa waliteseka. Facebook waliitoa laibrari yao ya React hadharani 2013, na mwaka uliofuata, kwenye mkutano wao wa F8, mhandisi wao Jing Chen alisimulia habari ya namba nyekundu ya ujumbe usiosomwa. Mtu anaona 1, anafungua, hakuna kipya. Wakiiondoa hitilafu, baada ya muda inarudi. Dirisha la maongezi, ukurasa wa ujumbe na ile namba vyote vilitegemea data ileile, na kila kimoja kilikuwa na njia yake ya kuigusa. Jibu lao, Flux, lilikuwa kulazimisha mabadiliko yapite njia moja, kuelekea upande mmoja.

Kisha Redux. Nimeangalia tarehe: Dan Abramov, mmoja wa watunzi wake, aliionyesha Paris Julai 2015. Kwetu ilifika baadaye, na mwaka wenyewe si hoja. Hoja ni ile orodha ya mabadiliko uliyoweza kuiona pembeni ya skrini. Stoo ya data ni moja. Hakuna komponenti inayoruhusiwa kuigusa moja kwa moja. Kila badiliko linatangazwa kwa jina lake, na hali mpya inatengenezwa bila kuichafua ya zamani, kama muuza duka asiyefuta deni bali anayeandika mstari mpya chini yake. Ndiyo maana uliweza kubofya mstari wa juu na ukurasa mzima ukarudi ulivyokuwa.

Jioni moja mteja alilalamika kwamba bei yake imepungua kupita kiasi. Nikasoma orodha: bidhaa imeongezwa, anwani imebadilishwa, kuponi imetumika, kuponi imetumika. Mara mbili! Kitufe kilikuwa kinakubali kubofywa tena kabla seva haijajibu. Zamani kazi hiyo ingetukesha.

Watu wakaizidisha, ni kweli. Hata menyu kufunguka tu iliandikiwa mafaili manne, mpaka Abramov mwenyewe akaandika mwaka 2016 kwamba huenda huihitaji. React ikaleta Context mpya 2018 na hooks 2019, Redux Toolkit ikapunguza maandishi, React Query ikachukua data ya seva, Zustand ikapendwa kwa wepesi wake. Recoil ilitangazwa 2020 na tayari imeshaachwa.

Vyombo hivi vingi ni vizuri. Ninachokiona sasa ndicho kinachonikera: data ileile imewekwa ndani ya komponenti, ikanakiliwa kwenye hifadhi ya kivinjari, ikaandikwa kwenye anwani ya ukurasa, na nakala nyingine iko kwenye kashe. Namba nyekundu imerudi, na wanaoileta wanaiita bahati mbaya.

Vijana, chagueni laibrari yoyote mnayoipenda. Lakini kila data iwe na mwenyewe mmoja. Mfumo usioweza kuniambia ni nani aliyebadilisha namba hii, na lini, mimi siupitishi kwenda kwa wateja.