Mstari wa C: kazi ya panya ndani ya kipimo cha malaria

Wasikilizaji wetu wa Lubondja, Fizi na Baraka, nanyi familia mliokimbia vijiji vyenu, leo nataka kuzungumza juu ya panya. Siyo yule anayemaliza mahindi nyumbani, bali yule anayetusaidia ndani ya kipimo cha malaria, kile tunachokiita TDR.

Nimeona mara nyingi: mama mkimbizi ametembea mbali na mtoto mwenye homa. Mtoto anatobolewa kidole, mstari mmoja unatokea penye herufi C, mama anaambiwa hakuna palu. Anaondoka na hasira, akisema wamemnyima dawa kwa kuwa yeye ni mgeni. Franka zake za mwisho zinaishia kwa muuza dawa wa njiani. Simlaumu. Hakuna aliyemweleza mstari ule unasema nini.

Mwaka 1975, huko Cambridge, Uingereza, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli ya kinga ya panya na seli ya saratani. Wakapata seli inayotoa kingamwili ya aina moja tu, bila kuchoka. Mwaka 1984 walipata Tuzo ya Nobel. Siku hizi maabara zinaweza hata kuweka jeni ya panya ndani ya seli zinazokuzwa chupani, kisha kusafisha protini inayotoka humo.

Vipimo vingi vya malaria vina kingamwili za panya. Zimeshikamanishwa na chembe ndogo sana za dhahabu. Sisi wa Fizi tunaijua dhahabu ya Misisi, lakini hii haionekani kwa macho, na ikikusanyika inatoa rangi nyekundu. Damu ikiwa na protini ya vimelea vya malaria, kingamwili hizo hunaswa penye T. Nyingine hupita hadi C, ambako kuna kitu kinachonasa protini ya panya.

Kwa hiyo mstari wa C unasema: kimiminiko kimefika mwisho na kipimo kimefanya kazi. Ukiwa peke yake, kipimo hakikuona malaria. Homa itafutiwe sababu nyingine. C isipotokea, majibu hayo hayafai hata kama T imeonekana. Omba kipimo kingine. Tena, baada ya kupona, protini ya vimelea inaweza kubaki katika damu kwa majuma kadhaa, hivyo T ya leo inaweza kuwa ya ugonjwa uliokwisha. Mwambie muuguzi kama mtoto alitibiwa karibuni.

Wazazi, ombeni kuonyeshwa kipimo baada ya dakika zilizoandikwa juu yake. Na hata kama hakuna mstari wa T, mtoto akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, mrudisheni kituoni siku hiyohiyo.