Thamani ya Tarakimu ni Mahali Pake

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika wilaya ya Tarime, na miaka kadhaa nalifundisha ng'ambo ya Mto Mara, katika wilaya ya Serengeti. Pande zote mbili nimeona jambo ambalo watu hulidhani kuwa la watoto wa shule tu, kumbe laingia katika nyumba zetu na mifuko yetu sote. Jambo hilo ni hesabu zenye nukta, ambazo shuleni huitwa desimali.

Mathalani, mama mmoja jirani yetu alirudi kliniki na mtoto wake amefurahi sana. Mwezi uliotangulia mtoto alikuwa na kilo 7.5, na siku ile kadi yake iliandikwa 7.25. Akaniambia, "Mwalimu, mtoto ananenepa. Alikuwa saba na tano, sasa ni saba na ishirini na tano." Lakini kweli ni kwamba mtoto alikuwa amepungua robo ya kilo, yaani gramu 250. Nalimweleza polepole, na kesho yake akarudi kliniki kuwauliza wauguzi shauri juu ya chakula cha mtoto.

Mama yule si mjinga. Ng'ombe wa boma lao awahesabu bila kukosa hata mmoja. Basi kosa latoka wapi? Latoka katika kuzisoma tarakimu zilizo kulia kwa nukta kana kwamba ni hesabu nyingine inayojitegemea, iliyoanza upya baada ya nukta.

Tazama hesabu hii: 444. Tarakimu ni ile ile mara tatu, lakini ya kwanza ni mia nne, ya pili ni arobaini, ya tatu ni nne tu. Kila ukisogea hatua moja kwenda kulia, thamani yake huwa sehemu ya kumi ya ile iliyotangulia. Sheria hii haikomi tukifika kwenye mamoja. Nukta yatuonyesha tu mahali mamoja yanapoishia. Baada yake zafuata sehemu za kumi, kisha sehemu za mia, kisha sehemu za elfu. Ng'ombe aliye hai hagawanyiki mafungu kumi, kwa hiyo mwenye kuhesabu ng'ombe hahitaji nukta. Lakini kilo yagawanyika, na gramu yagawanyika, na lita kadhalika.

Sasa pima 7.5 na 7.25. Zote mbili zina saba. Mahali pa sehemu za kumi, ya kwanza ina 5 na ya pili ina 2. Shauri limekwisha kukatwa hapo. Ile 5 ya mwisho katika 7.25 ni sehemu za mia, nayo haiwezi kuliokoa neno. Hesabu ndefu si lazima iwe kubwa.

Tena kuna sifuri, ambayo wengi huidharau. Jina lake limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni tupu. Waarabu walijifunza tarakimu hizi kwa watu wa Bara Hindi, na Wazungu wakajifunza kwa Waarabu. Katika mwaka 1585 Simon Stevin, mtu wa Flanders, alitoa kitabu kidogo cha kuwaonyesha wafanya biashara na wapima mashamba jinsi ya kuhesabu kwa sehemu za kumi. Katika kazi hii yote sifuri ni kama kigoda cha mzee aliyesafiri. Hakuna anayekikalia, lakini hakiondolewi, maana kikiondolewa wadogo watasogea mahali pasipo pao. Ondoa sifuri katika 205, nawe umepoteza ng'ombe 180.

Wazee wetu walikuwa na msaada ambao sisi hatuna. Tangu mwaka 1921 shilingi ya Afrika Mashariki iligawanywa senti 100, na sarafu za senti 1, 5 na 10 zilikuwa na tundu katikati. Mtoto aliyetumwa dukani alijua kwa mkono wake kwamba senti 10 ni sehemu ya kumi ya shilingi, na senti 1 ni sehemu ya mia. Alijua pia kwamba 3/05 si 3/50, maana akikosea alikiona cha moto nyumbani. Siku hizi senti hazimo tena mikononi mwetu. Mtoto hukutana na nukta ubaoni tu, asiione katika kitu cha kushika.

Lakini katika nchi yetu kuna kitu kingine kinachopimwa kwa nukta, nacho ni dhahabu. Kule Nyamongo, na katika machimbo madogo ya pande hizi, mtu aweza kufanya kazi juma zima akapata gramu moja na kidogo. Kijana mmoja aliyesoma kwangu alipeleka dhahabu yake kwa mnunuzi. Mizani ilionyesha 1.80, na kitabuni ikaandikwa 1.08. Kijana akasema, "Sivyo, bwana, 8 imehamishwa mahali pake." Ikasahihishwa. Tuseme gramu moja ilikuwa shilingi 200,000. Kwa 1.80 atapewa 360,000, na kwa 1.08 atapewa 216,000. Tofauti ni shilingi 144,000, na tarakimu zote tatu ni zile zile.

Kwa hiyo nawapeni kanuni tatu. Kwanza, baada ya nukta taja tarakimu moja moja: "saba nukta mbili tano", wala usiseme "saba nukta ishirini na tano". Pili, ukitaka kulinganisha, jaza sifuri mwishoni hata urefu uwe sawa: 7.50 na 7.25, ndipo jicho litaona lenyewe. Sifuri ya mwisho baada ya nukta haibadili kitu, bali ya katikati hubadili sana. Tatu, ukijumlisha, panga nukta chini ya nukta. Kilo 2.5 na kilo 0.75 ni kilo 3.25, mwenye kuzipanga kwa kufuata ncha ya kulia ajumlisha 25 na 75, apate 100, wala hajui ni 100 ya nini.

Wazazi, msiwaachie walimu kazi hii peke yao. Mkinunua sukari dukani, mwonyesheni mtoto mizani, mkamwulize kila tarakimu imeketi wapi na yasimama badala ya nini. Akijibu vema, mali yenu itakuwa na mlinzi.