Nilivyoumbuka kwenye miamba ya Kolo

Mchumba wangu ni mtoto wa Dar, tena Kinondoni. Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024 hana tena kisingizio cha kutokuja kunisalimia, na kila akija anakuja na jambo lake. Safari hii alishuka na simu mkononi, hata shikamoo ya mama mkwe mtarajiwa hajaitoa, akanionyesha picha ya jumba la sanaa la Guggenheim, New York.

Bwana wee, jumba lenyewe limekaa kama bakuli jeupe lililofinyangwa na mtu mwenye haraka. Aliyelichora, Frank Lloyd Wright, alifariki mwaka 1959, miezi sita tu kabla halijafunguliwa. Nia yake ilikuwa mgeni apandishwe na lifti hadi juu kabisa, halafu ateremke taratibu kwa miguu kwenye njia inayozunguka kama gamba la konokono, huku anaangalia michoro ukutani mpaka anajikuta yuko chini.

“Sasa nyie Dodoma mna nini?” akaniuliza. “Bunge mnalo, zabibu mnazo, vumbi ndio usiseme. Jumba la sanaa kama hili liko wapi?”

Nikapandwa na uzalendo. Nikamwambia alale mapema, kesho nampeleka kwenye jumba ambalo huyo Wright wake angeliona angevunja rula.

Asubuhi tukachukua gari la mshikaji wangu mmoja na kushika barabara ya Kondoa. Barabara hiyo siku hizi ni lami tupu, Dodoma hadi Babati, kilometa 251, ilizinduliwa mwaka 2018. Mara yangu ya kwanza kupita huko ilikuwa mwaka 2009, niko kidato cha pili, tumejazwa kwenye basi la kukodi kama dagaa, na tulifika tumekuwa wekundu kuanzia nywele hadi soksi. Mambo mengine ya siku ile nilikuwa nimeyasahau. Au tuseme nilikuwa nimejisahaulisha.

Kolo ni kijiji kilicho barabarani, mbele ya Kondoa mjini. Unasimama ofisini, unalipa, unapewa mtu wa kukuongoza. Sisi tulipewa mzee mmoja wa Kirangi, mpole, mwenye pumzi kutuzidi wote wawili. Gari likahangaika kwenye njia mbovu, kisha tukaliacha na kuanza kupanda mlima kwa miguu. Mchumba alikuwa amevaa viatu vya kuendea harusini. Sikusema kitu.

Ukifika juu ndipo unaelewa. Jumba ni jabali. Limechomoza kwa mbele kama baraza ya nyumba ya mjomba, na chini ya hilo paa ukuta umesimama wima, mvua haiufikii. Hakuna lifti wala taa, hakuna mlinzi mwenye tai. Mwanga unaletwa na jua lenyewe, kwa hiyo dakika kumi za mwanzo huoni kitu, unaona mwamba tu na unaanza kudai nauli yako. Halafu jicho linazoea. Twiga anatokea, kisha tembo, kisha watu wembamba, warefu, wenye vichwa vya ajabu. Michoro imepandiana, mwekundu chini, mweupe juu, kwa sababu kila kizazi kilichora palepale kilipochora kilichotangulia. Ukichoka kuangalia unageuka, na nyuma yako nchi yote imelala chini hadi macho yanapokomea.

Mzee akatueleza kwamba miamba ya namna hiyo ni zaidi ya 150, imetapakaa kwenye eneo la kilometa za mraba 2,336, na UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Michoro mingine ina miaka elfu mbili na zaidi. Mary Leakey alikuja mwaka 1951 akainakili miezi mitatu, na kitabu chake kikatoka mwaka 1983. Pia akatuambia kwamba mahali pengine, kama Mungomi, wenyeji bado wanakwenda kutambika na kuomba mvua. Hapo nilitaka kumnong’oneza mwenzangu kama Guggenheim wanaomba mvua, nikajizuia.

Kuna mchoro mmoja maarufu: watu watano wamesimama, wa katikati anaonekana ni mwanamke, kulia wawili wamemshika, kushoto wawili wamemshika. Leakey aliona ni utekaji. Wengine wanabisha.

“Huyu anagombaniwa,” mchumba akasema, wala hakufikiri mara mbili. “Na yeye keshachagua, mwangalie.”

Mzee akacheka hadi akakaa chini. Nikajiona mjanja kweli kweli, safari imejipa. Tukateremka kuelekea mwamba mwingine mdogo, pembeni. Ndipo tumbo likanikata.

“Hapa sasa,” mzee akasema, sauti imebadilika, “angalieni mambo ya wageni wetu.” Akatuambia wapo wanaomwagia michoro maji ili ing’ae kwenye picha, na wapo wanaopapasa kwa mikono yenye jasho. Akanyoosha fimbo. Pembeni kabisa ya mnyama mwekundu, ambaye miguu yake ya nyuma ilikuwa imechubuliwa, palikwaruzwa kwa jiwe herufi kubwa: B + Z, 2009.

Msomaji, B ni mimi.

Ningeweza kunyamaza. Herufi B ziko nyingi nchini. Lakini yule mzee alikuwa ameinama, anaipuliza vumbi ile miguu ya mnyama iliyobaki, kama mtu anayempuliza mtoto kidonda. Nikasema, “Mzee, samahani. Hiyo ni kazi yangu.”

Aliniangalia muda mrefu. “Wageni huwa nawaambia ni watoto wa shule,” akasema. “Kumbe nilikuwa sikosei.”

Nikamuuliza kama inafutika, niko tayari kulipa hata mshahara mzima. Akatikisa kichwa. Ukisugua, akasema, unaondoa na mwamba, na mnyama aliyebaki unamwondoa pia. Akaongeza kwamba rangi ile haipatikani dukani, na waliojua kuichanganya hawapo. Hakunitukana. Heri angenitukana.

Tuliteremka mlima hakuna anayeongea. Pale ofisini nikaandika jina langu kwenye kitabu cha wageni, safari hii kwa kalamu, na mkono unatetemeka.

Kondoa tukaipita kimya. Vijiji vikapita, mbuzi wakavuka barabara, nikapunguza mwendo, nikaongeza. Mchumba alikuwa anatazama nje ya dirisha, viatu kavua, simu kaizima. Zikiwa zimebaki kilometa kama hamsini kufika Dodoma ndipo akageuka.

“Hebu niambie,” akasema. “Z ni nani?”